Msindikize Kabla Hujamwajiri

Wallahi nyinyi vijana mnanichekesha. Juzi mjukuu wa jirani yangu hapa Kisauni alitaka yaya wa kumpokea mwanawe akitoka shule, akamhoji mtu kwa simu ya video. Dada wa watu akaonekana amekaa kwenye kochi safi, nyuma yake pazia zuri na kabati la vikombe, na kila aulizwalo analijibu kwa adabu. Akapewa kazi siku hiyo hiyo. Wiki ya pili ndipo ilipojulikana kwamba kochi lilikuwa la jirani yake, pazia la jirani yake, na hata majibu alikuwa akinong'onezwa na jirani yake huyo huyo, aliyekuwa amechutama nyuma ya simu. Niliposikia nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kisha nikamwambia yule mjukuu kwamba alikosea mtu wa kumwajiri, angemchukua jirani.

Sisemi simu ni mbaya. Ninayo, na ujumbe wa sauti nautuma vizuri tu. Lakini mimi Mishi nimefanya kazi ya yaya wa jioni miaka thelathini na kidogo. Nimehojiwa na mama wa kila aina, na nilipokuwa mtu mzima nikawa ndiye ninayeitwa kuwahoji wengine. Nimechagua vizuri, nimechagua vibaya, na mara moja nilichagua kwa roho mbaya. Hiyo nayo nitaisema, maana sasa mimi ni mzee na aibu zimenichoka.

Ya kwanza mjue kazi yenyewe. Yaya wa jioni si yule anayelala nyumbani. Huyu anaingia saa tisa mtoto akitoka shule, anaondoka magharibi mama akirudi. Masaa matatu tu, na watu huyadharau. Mimi nawaambia masaa matatu hayo ndiyo mtoto ana njaa, ana usingizi, ana hasira za mwalimu, ana hesabu za kufanya, na juu ya yote hayo ana chuo cha Kurani. Mtoto wa huku kwetu hatoki shule akapumzika. Alasiri ikiadhiniwa awe ameshavuliwa sare, ameshakula, ametawadha, amevaa buibui lake dogo, juzuu kwapani, na yuko njiani. Na watoto ni watoto. Ikifika saa tisa na nusu tumbo linaanza kuuma. Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo chuo kimefungwa, tumbo hilo hupona lenyewe. Basi msikimbilie dawa. Mpe ndizi. Akiimaliza ndizi na kuulizia nyingine, mvishe buibui muende zenu.

Zamani nilijiona mjanja sana wa kupima watu. Jirani akiniita nimtazamie yaya, nilikuwa namwekea huyo mgeni sahani ya mahamri na mbaazi, kisha namvizia. Akivamia sahani, namhesabu mlafi. Sasa kuna mmoja alikuja kwa mama fulani wa Mkomani, mwenye pacha. Nikamkaribisha mara ya kwanza, akasema ameshiba alhamdulillahi. Mara ya pili, ameshiba. Mara ya tatu akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Nikamnong'oneza mwenye nyumba, huyu ndiye, huyu kalelewa. Haikutimia wiki tatu wale pacha wakawa wanaingia msalani kwa zamu. Kumbe yule dada hali chochote cha watu, na hata kuonja haonji. Mbaazi zimechacha, anawapa. Chai inachemka, anawapa. Chumvi imeingia mara mbili, anawapa na kuwahimiza wamalize. Mama yao alinipa maneno siku ile ambayo mpaka leo nikipita mlangoni pake natembea upesi.

Mahamri yangu sikuyaacha, ila nikabadilisha mtihani. Siku hizi namtafuta yule anayekula. Na akionja mbaazi akaniambia zinataka tui zaidi, huyo namsogezea kiti.

Lakini mahamri ni mchezo tu. Njia ya kweli nilifundishwa na Bi Khadija, bibi mmoja wa Mkomani, Mungu amrehemu. Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Likoni kwa kivuko, nimevaa viatu vya kuazima, na njia nzima nilikuwa nakariri majibu. Bi Khadija hakuniuliza hata swali moja la kazi. Aliuliza habari za mama, za baba, za ami zangu, za minazi yetu, akanywa kahawa yake. Halafu akasema haya mwanangu, ahsante kwa kuja. Nikajua kazi nimeikosa. Machozi yakanilengalenga. Akainuka anisindikize, kama ilivyo ada, maana mgeni haachwi mlangoni akajiendea. Mjukuu wake wa kike, wa miaka mitano hivi, akatufuata.

Njiani nikasahau kama nilikuja kutafuta kazi. Ndivyo alivyo binadamu. Akishavaa viatu na kuagana anaona mambo yamekwisha, anarudi kuwa alivyo. Nikawa namweleza Bi Khadija viatu vinanibana na wala si vyangu. Mara mbele yetu mkokoteni wa maji unakuja mbio, mteremko umemshinda mwenyewe, madumu yanagongana. Sikufikiri. Nilimvuta yule mtoto upande wa ukuta nikasimama mimi upande wa barabara, mguu wangu mmoja ukaingia mtaroni, na kiatu cha watu kikabaki humo humo. Bi Khadija alisimama akanisubiri nikichokoe kwa kijiti.

"Kesho saa tisa," akasema. "Na usije na viatu hivyo."

Basi huo ndio usaili wangu mpaka leo. Kochini mtu atakwambia anapenda watoto. Nani atakwambia hapendi? Mkaribishe, mpe chai, muulize uyaulizayo, andika ukitaka kuandika. Halafu mwambie kwaheri ya kuonana, na umsindikize hadi steji ya matatu pamoja na mtoto. Kuanzia pale mlangoni fungua macho. Mtazame anamweka mtoto upande gani, wa ukuta au wa pikipiki. Mtazame anatembea kwa hatua za nani, zake au za mtoto. Mtoto akiuliza mbona yule mbuzi ana ndevu, je, anajibu au anasema twende? Tena usifikiri unahitaji safari ndefu. Njia ya mwongo ni fupi, hata kutoka langoni hadi kwa muuza viazi karai inatosha.

Sasa niwape ile ya roho mbaya.

Familia yangu ya mwisho ilikuwa ya Zuhura. Zuhura anaandika makaratasi ya mizigo kwa wakala mmoja kule Kipevu. Nyumba yao iko Kisauni, ghorofa ya tatu, kwa hiyo kila jioni anavuka mji mzima, na akiwahi sana anaingia na adhana ya magharibi. Mumewe yuko Arabuni anaendesha gari za watu. Wana binti mmoja, Munira. Nilimpokea akiwa chekechea, hawezi kufunga kifungo, na wakati huu ninaousema alikuwa na miaka minane na ameshaanza kunisahihisha kwenye hesabu. Mimi sikujaliwa mtoto. Nimelea wengi na wote nimewarudisha kwa mama zao magharibi, sikulalamika. Lakini Munira alikuwa wa mwisho, na wa mwisho ana mambo yake.

Goti langu la kulia likagoma. Siku moja Zuhura alirudi mapema akanikuta nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mkoba wa Munira mapajani, sipandi wala sishuki. Kesho yake akanikalisha, akaniambia nimetosha, nipumzike, na kwamba ataomba likizo ya wiki moja ofisini ili apate mtu wa kushika nafasi yangu. Akasema mtu huyo nimchague mimi, kwa sababu hamwamini mwengine. Yeye Zuhura atawahoji kochini, mimi nitawasindikiza na Munira, na neno langu ndilo litakuwa la mwisho. Nikasema sawa. Moyoni sikusema sawa.

Jumatatu alikuja msichana ana faili. Ana cheti cha huduma ya kwanza, cheti cha mapishi, cheti cha kucheza na watoto. Mimi sikujua kucheza nako kuna cheti. Kochini alikuwa hodari. Tulipotoka, simu yake ikalia, akaitoa, na hakuiweka tena mpaka steji. Munira alimuuliza vitu vinne akajibiwa kimoja, nacho si chenyewe. Huyo nilimkataa kwa haki, na kama mko hapa mnasikiliza nyinyi wenye vyeti, sikatai vyeti. Naikataa ile simu.

Jumanne akaja Bi Salma, mama wa makamo kutoka Mkomani. Mpole, msafi, Kiswahili chake kinatiririka. Alikula hamri moja na nusu. Njiani alimshika Munira upande wa ukuta bila kuambiwa, na alimweleza habari ya mbuzi na ndevu zake vizuri kuliko mimi. Nikatazama huku, nikatazama kule, natafuta kosa. Hakuna. Basi nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba ni haki yangu kumtahadharisha, mtoto huyu anang'ata. Ameshang'ata mayaya watatu, na mmoja alishonwa.

Munira hajapata kumng'ata mtu maishani mwake. Alinitazama kwa mshangao, halafu jambo lenyewe likampendeza, akaonyesha meno yote. Bi Salma alipanda gari pale pale, hata kwaheri hakungoja. Nami nikamnunulia Munira mabuyu ya pilipili ili iwe siri yetu. Tuliporudi juu nikamwambia Zuhura yule mama hakuipenda kazi.

Jumatano akaja dada mmoja mcheshi, ana mabega ya kubeba gunia. Kufika kwenye ngazi Munira alikuwa ameshamshika mkono mwenyewe. Sikuwa na haja ya kuona zaidi. Nikamwambia maji ya jengo hili hupandishwa kwa kichwa, madumu kumi kila alasiri, na mpandishaji ni yaya. Nyumba ile ina pampu na tangi juu ya dari. Yule dada akasema atanipigia simu, na mimi mpaka leo sijaisikia. Munira akapata mabuyu mengine.

Nisiwafiche, ulikuwa wivu. Nilikuwa namwona mtu mwengine akimsuka nywele, mtu mwengine akimpa ndizi ya tumbo, na roho inaniuma kwelikweli. Nikajiambia ngoja wiki iishe, Zuhura atachoka kutafuta, atasema Bi Mishi basi jikaze kidogo. Uzee huu una ujinga wake.

Alhamisi nilimkuta Zuhura jikoni anakoroga chungu ambacho moto wake ulikuwa umezimwa. Nikamgusa bega. Akageuka, uso umelowa.

"Bi Mishi, Jumatatu nisipokuwa kwenye meza yangu, meza anapewa mtu mwengine," akaniambia. "Na mama mkwe ameshaniambia chumba cha Munira kiko tayari Malindi. Mwanangu niwe nikimwona mwisho wa mwezi?"

Nilikaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi nikatazama sakafu. Nilikuwa nampigania Munira asishikwe mkono na mwengine, kumbe nampakia gari la Malindi kwa mikono yangu mwenyewe. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Pale pale nikanuia, atakayekuja kesho nitampima kwa haki, na wallahi nilikusudia.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri akaja Kadzo. Mwanamke wa miaka arubaini hivi, Mgiriama, anakaa Ziwa la Ng'ombe, alikuwa amelea watoto wa familia moja mpaka wakahama. Amevaa kandambili zake mwenyewe, kisigino kimoja kimelika. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa ubaridi kidogo. Akala mahamri matatu. Kisha akaonja mbaazi, akafikiri, akasema, samahani mama, hizi zingeongezwa tui. Nikajua nina kazi.

Zuhura alimuuliza ya kuulizwa, wakaagana, sisi watatu tukatoka. Kwenye ngazi Kadzo akanipita akatangulia mbele. Nikasema moyoni, haa, hana adabu, anatangulia wakubwa. Nimeshuka ngazi tano ndipo nikaona alivyokuwa akishuka, upande upande, uso umeelekea kwangu, mkono mmoja ukutani. Mtu anayemshusha mzee hukaa mbele yake, mzee akiteleza amkute. Jambo hilo mimi mwenyewe nilikuwa nalijua na sikupata kufanyiwa. Wanangu, lishikeni.

Mngedhani hapo nilinyamaza. Tulipofika chini, Munira akaanza kumsimulia Kadzo habari za paka wa jengo, wanacheka, na ulimi wangu ukaniponyoka. Nikamwambia Kadzo ni haki yangu kumtahadharisha, mtoto huyu anang'ata.

Kadzo akasimama. Akamwambia Munira afungue kinywa, akamkagua kama mtu anayenunua mbuzi, akasema jino hili la mbele limelegea, ukining'ata nalo litabaki mkononi kwangu, nami silirudishi. Munira akacheka mpaka akakohoa.

"Bibi, mimi sing'ati," akaniambia, mbele ya mtu mgeni. "Bi Salma ulimdanganya, na yule wa maji ulimdanganya. Na mabuyu yenyewe yamekwisha."

Ardhi haikupasuka, nami niliingoja. Kadzo hakucheka, wala hakunitazama kwa jicho baya. Tulitembea hatua kumi hivi. Kisha akauliza, "Mama, goti hilo linakuuma tangu lini?"

Nikamjibu ni tangu msimu wa mvua uliopita. Mara pikipiki mbili zikachomoza kona zikishindana, honi moja kwa moja. Nikageuka nione mtoto atawekwa upande gani, hilo ndilo nililolitokea. Munira alikuwa ukutani. Lakini na mimi nilikuwa ukutani. Kadzo alikuwa amenishika kiwiko, amenisogeza ndani, naye amesimama upande wa barabara na vumbi lote ni lake. Miaka thelathini na kidogo mimi ndiye ninayesimama upande wa barabara. Sikujua upande wa ukuta kuna kivuli.

Tukafika steji. Kwa haki yote mambo yalikuwa yamekwisha, lakini nilikuwa bado sijakubali, nikamuaga tu. Kadzo akatutazama, mimi na goti langu, Munira na mbwembwe zake, akasema hawezi kupanda gari huku anatuona tunarudi peke yetu na pikipiki zile. Akaturudisha mpaka langoni. Sasa niambieni, mtu amekusindikiza kwako, ni mgeni, unamwachaje langoni akajiendea? Mama yangu angenifufukia. Nikageuka nikamsindikiza tena. Kufika steji akageuka akatusindikiza sisi. Hakutaka kushindwa kwa wema, na mimi ndiyo kabisa. Munira katikati anafurahi, anadhani ni mchezo.

Kuna muuza viazi karai katikati ya njia ile, jina lake Kasimu. Tulipompita mara ya nne akaninyooshea kijiko, akauliza leo Bi Mishi kapewa zamu ya ulinzi? Juu kwenye roshani nilimwona Zuhura amejishika kiuno, anatuhesabu. Mara ya tano goti likakataa. Nikasimama pale pale mbele ya karai la mafuta, nikashika ukuta.

Kadzo akanikalisha kwenye benchi la Kasimu. Akachutama mbele yangu, akanikunjia vizuri upindo wa buibui uliokuwa unaburuta, akasema kwa upole kabisa:

"Mama, mmoja wetu lazima akubali kubaki."

Najua alikuwa akisema habari ya njia. Lakini yaliniingia. Nikamtazama Munira, jino lake linalolegea, kilemba cha mtandio nilichomfunga mimi juzi na bado hajataka kifunguliwe. Nikaona Malindi, nikaona chumba kiko tayari, nikaona meza ya Kipevu. Nikamwambia Kadzo amchukue mtoto amrudishe kwa mamake, na amwambie Zuhura kwamba Bi Mishi amesema hivi.

"Jumatatu, saa tisa," nikasema. "Na viatu hivyo hivyo."

Munira akauliza, na wewe Bibi? Nikamwambia nataka kula viazi, yeye aende. Akampa Kadzo mkono. Nikawasindikiza kwa macho. Nilimngoja ageuke nyuma anitazame, nami nilikuwa nimeshautayarisha uso. Hakugeuka. Alikuwa anauliza kitu huku ananyoosha kidole, na Kadzo ameinama anamjibu, hatua zake ameshazifupisha. Wakapita lango. Hapo ndipo nilipostaafu, pale kwenye benchi, na Kasimu akaniuliza natia ukwaju au natia pilipili, nikamwambia tia vyote, tena pilipili nyingi, nipate sababu ya kufuta macho.

Zuhura hakupoteza kazi, na chumba cha Malindi hulalwa na Munira skuli zikifungwa tu. Mimi nilikwenda Mkomani kumwomba Bi Salma radhi. Nilimkuta ameshapata nyumba nyingine nzuri, akanisamehe, akanikaribisha chai. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshawahadithia mtaa mzima. Mpaka leo Munira akipita Mkomani watoto wa huko humkimbia, kisha wanarudi mmoja mmoja kumwomba awaonyeshe meno, naye huwaonyesha kwa malipo ya mabuyu. Sijui alijifunza wapi tabia hiyo.

Basi nyinyi mnaotafuta yaya, hojini kwa simu mkipenda, ulizeni vyeti, lakini mwisho wake vaeni viatu mtoke naye. Na nyinyi mnaotafuta kazi, kuleni mahamri, na mkimwona mzee kwenye ngazi tangulieni mbele yake. Na mayaya wazee wenzangu, mkiombwa kuchagua atakayewarithi, msitazame kioo mkasema huyu hafanani.

Ijumaa huwa nakwenda kuwaamkia. Siwezi tena ghorofa ya tatu, kwa hiyo wananiteremkia chini na birika, tunakaa kwenye kizingiti, Kadzo anamimina, mbaazi zina tui la kutosha. Nikiondoka wananisindikiza hadi steji, na sirudi kuwasindikiza, nimeshafundishika. Ijumaa iliyopita Kadzo alibaki nyuma kidogo kumlipa Kasimu, tukatangulia mimi na Munira peke yetu. Pikipiki ikatoka kona. Kabla sijamvuta mtoto, nikahisi mkono mdogo umenishika kiwiko, unanisogeza ndani, upande wa ukuta.